Jina la Mwenye Ng'ombe

Ng'ombe wa mama yangu aliishi Basotu, na mama yangu anaishi Masieda. Mtu wa mbali atauliza kwa nini. Kwetu hakuna anayeuliza. Huwezi kufungia ng'ombe wako wote zizi moja. Ugonjwa ukiingia unafagia, unabaki na kamba mkononi. Kwa hiyo mmoja unampeleka kwa rafiki, mbali, penye majani, naye anamtunza kama wake. Maziwa ni yake, samadi ni yake, na ndama mmojammoja mtaelewana. Lakini kuuza hawezi, kuchinja hawezi, kumpa mtu mwingine hawezi. Hayo ni ya mwenyewe peke yake.

Baba, kabla hajafariki, alimpeleka mtamba wa mama kwa rafiki yake wa Basotu, mzee mfugaji, mrefu, mpole, mtu wa kuanza sentensi na kukuachia uimalize. Walipatana tangu ujana, mmoja Mkristo wa milimani na mahindi yake na maharage yake, mwingine wa ng'ombe na mila zake, na sikumbuki kuwasikia wakibishana. Tulipokwenda kumtembelea tulipokelewa kama wageni wengine. Mama alikunywa maziwa, akapiga soga na mke wa mzee, na wakati wa kuondoka akapita karibu na zizi kana kwamba ananyoosha miguu. Anatupa jicho, basi. Hakuna aliyesema ng'ombe wako yule pale. Ingekuwa kukosa adabu, tena mara mbili: umemwaibisha mwenye boma mbele ya watoto wake kwamba zizi si lake lote, na umemwanika mwenye mali mbele ya macho ya watu.

Mimi nilikulia humo. Ndiyo maana chuoni, tulipofika kwenye somo lililochanganya darasa zima, mimi nilielewa siku hiyohiyo. Kwa asiyeijua kazi ya kuandika programu za kompyuta, niseme hivi. Ndani ya programu, ng'ombe mmoja ni kitu kimoja, na ndani yake kuna taarifa zake: namba ya hereni ya sikioni, rangi, umri, jina la mwenyewe. Taarifa hizo zimefichwa. Mtu wa nje hazishiki kwa mkono wake, anapita mlangoni. Kuna mlango wa kusoma, tunauita geta: unauliza jina la mwenyewe, unajibiwa, unakwenda zako. Na kuna mlango wa kubadilisha, tunauita seta: unaleta jina jipya, la zamani linaondoka. Anayeandika programu ndiye anayeamua ipi iwe na milango yote miwili na ipi iwe na mmoja tu. Mwalimu wetu alipozitafsiri hizo taarifa zilizofichwa kuwa ni sehemu za siri, darasa liliangua kicheko na somo likaishia hapo. Wenzangu wakabaki kukariri. Mimi nilikuwa namwona mzee wa Basotu akimkamua ng'ombe asiyeweza kumuuza.

Nikapata kazi Arusha, kwenye ofisi ndogo ya kutengeneza programu. Tukapewa mradi wa mifugo wa kata kadhaa za huku kwetu: kila ng'ombe avishwe hereni, aandikishwe kwa simu, kisha asomwe joshoni, mnadani na kwenye kizuizi cha barabarani. Shabaha ilikuwa wizi. Kamati ya mradi, wazee na akina mama wa kata hizo, ilishikilia jambo moja: jina la mwenye ng'ombe likishaandikwa lisibadilike. Likiweza kubadilika, mwizi ana shida gani? Anamtafuta mtu mmoja mwenye simu na njaa, jina linabadilishwa, kesho yake ng'ombe wako ni wake kwa halali kabisa. Kwa hiyo jina la mwenyewe nililiwekea geta, seta sikuliwekea. Linaandikwa siku ya kuandikishwa, imekwisha. Ng'ombe akiuzwa, mwenyewe anaweka dole gumba mnadani, rekodi inafungwa, mnunuzi anafungua yake. Bila dole la mwenyewe hakitoki kitu. Mpaka leo ukiniuliza sioni kosa hapo, na hilo ndilo linaloniuma roho kuliko yote.

Nikashuka mwenyewe hadi Hirbadaw, moja ya kata hizo, kuwafundisha waandikishaji. Nilisimama mbele ya ubao wa shule ya msingi, chaki mkononi, nikawaambia: muulizeni mtu ng'ombe huyu ni wa nani, andikeni anachosema, msibishane naye. Wakanipigia makofi. Mimi huyo, nikavimba kichwa, nikapanda gari kurudi Arusha.

Waandikishaji wakafika joshoni Basotu. Mzee akaja na ng'ombe wake, wa mama yumo katikati yao. Akaulizwa mmojammoja. Huyu wa nani? Wangu. Na huyu? Wangu. Walipomfikia wa mama, majirani wamepanga foleni nyuma na masikio yao yamesimama, mzee akasema wangu. Jamani, angesemaje? Kwa adabu ya kwetu lilikuwa jibu pekee. Mwingine angelitamka neno hilo kwa tamaa. Yeye alilitamka kwa heshima, kumficha rafiki yake aliyekwisha kufa na mjane wake. Programu yangu ikalipokea na mlango ukafungwa. Mama alipokuja kulisikia jambo hili hakukasirika hata chembe.

"Ulitaka anianike mbele ya watu?" aliniuliza.

Kisha ndigana, ugonjwa wa kupe, ikaingia Masieda. Mama alinipigia simu ya kwanza kuniambia yule mwekundu hali majani, akapiga tena kuniambia amekufa, na baada ya hapo akawa anapiga kuhesabu waliobaki. Dawa zilikuja zimechelewa. Wote wakaisha. Nyumba yetu ni ya mtindo wa zamani, ng'ombe wanalala upande wa pili wa ukuta, na mama tangu aolewe amelala akisikia pumzi zao. Nilipokwenda kumpa pole nilimkuta amekonda. Alisema usiku halali. Nyumba iko kimya mno, alisema, na shamba nalo msimu huu litakula samadi ya nani? Lakini hakulia. Alikuwa na ng'ombe wake Basotu. Ndiyo kazi yake, alisema, ng'ombe wa mbali kazi yake ni siku kama hii. Tukamlete, azae, tuanze upya.

Kabla hatujapanga safari, mzee wa Basotu naye akafariki. Tukaenda kuzika. Hatukutaja ng'ombe, wala isingewezekana. Tukaacha msiba upoe, tukarudi, na mke wa mzee ndiye aliyelianza mwenyewe, bila kuulizwa, mbele ya wakwe zake na watu wa boma: mchukueni ng'ombe wenu, mzee alikuwa anasema hivyo siku zote. Hakuna aliyepinga. Boma zima lilijua, hata watoto walijua. Wakamfunga kamba, wakatupatia mchunga ng'ombe wa kutusindikiza, na mama akaishika kamba mwenyewe ingawa magoti yanamsumbua.

Tulifika kizuizini asubuhi bado. Karani wa pale nilimfundisha mimi Hirbadaw. Alinichangamkia, akamwamkia mama shikamoo, akasogeza simu yake kwenye sikio la ng'ombe. Akasoma. Akasoma tena. Akaniuliza kwa sauti ya chini mwenye jina hili yuko wapi. Nikamwambia amefariki. Akanipa pole, kwa moyo kabisa, halafu akasema basi hawezi kupita. Mwenyewe akiwa amekufa, ng'ombe hatoki wala hauzwi, anabaki alipo. Nilijua. Nani angejua zaidi yangu? Nilikuwa nimeiandika sentensi ile inayotokea kwenye kioo, kwa Kiswahili safi, ili kila mtu aielewe.

Mchungaji akatuonyesha kwa kidevu njia ya porini inayozunguka nyuma ya mashamba ya ngano. Watu wanapita huko. Mama akakataa. Ng'ombe anayepitishwa porini ni ng'ombe wa wizi, alisema, na yeye haibi mali yake mwenyewe. Tukamrudisha ng'ombe Basotu. Njiani nilipotaka kumpokea mama kamba alinikatalia.

Jioni ndipo aliponigeukia. Aliuliza kama ni kweli ile programu nimeitengeneza mimi. Nikasema ni mimi na wenzangu. Akasema basi ifungue. Kwake lilikuwa jambo jepesi namna hiyo: fundi wa mlango ndiye ana ufunguo. Nikamweleza nikatoka jasho. Nikamwambia kuandika ni kitu kimoja na kushika data za watu ni kitu kingine, kwamba ofisini kwetu mwandishi wa programu hapewi ruhusa ya kugusa rekodi, anapewa ya kusoma tu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, sasa wote hawa mliosoma, hakuna hata mmoja wa kuandika jina langu? Nilinywea. Ni mstari mmoja, jamani. Naweza kuuandika nimefumba macho.

Nikarudi Arusha nikiwa nimefura. Bosi wangu alinisikiliza vizuri, akaniagizia chai, akasema pole sana, akasema haiwezekani. Leo kwa mama yako, kesho kwa shangazi wa nani? Nikamgombeza, bosi wangu mwenyewe, mbele ya watu, ingawa nilijua kwamba yuko sahihi. Nikamfuata mwenzangu anayeshika funguo za rekodi. Huyo hata hakubisha. Aliangalia kandambili zake mpaka nikaondoka. Nikapeleka ombi kwenye kamati, nikasimama palepale Hirbadaw nilipopigiwa makofi. Mwenyekiti, mzee wa watu, akaniambia taratibu, "Mwanangu, ni wewe uliyetuambia hapa kwamba halibadiliki. Tukalala usingizi kwa neno lako."

Nikalia. Mbele ya kamati, mtu mzima, nikalia kwa hasira. Nadhani ndicho kilichowalainisha, maana akina mama wawili wakaanza kusema kwao pia kuna ng'ombe wa namna hiyo, walioandikwa kwa majina ya waliowatunza, na wengine wakaanza kuitikia kwa vichwa. Kumbe adabu ya mzee wa Basotu ilifuatwa na nusu ya mabonde yetu. Wakabishana mpaka mchana. Mwishowe wakakubali: seta iwepo, lakini iwe na ulinzi. Jina libadilike kwa dole gumba la mwenyewe aliyeandikwa, na akiwa amekufa, kwa dole la msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama. Si kwa mtu mwingine yeyote. Ilikuwa haki. Nisingeweza kudai zaidi ya hapo.

Niliiandika mwenyewe seta hiyo, sikumwachia mtu. Inapokea jina jipya, inauliza dole la nani, inakagua, likiwa si lenyewe inakataa. Nikaijaribu kwa kila hila ya mwizi niliyoweza kufikiri na haikukubali kudanganyika. Ilipoanza kazi nikampigia mama, nikamwambia mlango upo sasa. Akamshukuru Mungu kwa sauti. Nikamsikia akimwita jirani amwambie.

Ukoo wa mzee ulikuwa umemchagua mwanawe mkubwa kuwa msimamizi, na mahakama ya mwanzo ikamthibitisha. Anaishi Singida, anauza vifaa vya ujenzi, aliondoka nyumbani akiwa mdogo kwenda kusoma. Tulikutana naye bomani Basotu, mama na mimi. Kijana mwenye heshima zake. Alimwamkia mama kwa kuinama, akatuletea viti mwenyewe, akasikiliza habari yote ya mtamba, ya baba yangu na baba yake. Mama yake akaongeza: ni kweli, ng'ombe ni wa mama wa Masieda. Yeye akashika kichwa. Alisema tangu wiki ile ya msiba wamekuja watu na watu, kila mmoja ana ng'ombe wake kwa marehemu, na wengine anajua wanasema kweli na wengine anajua wanajaribu bahati. Yeye hakukulia hapa, atawatofautishaje? Aliyekuwa anajua amelala chini. Wadogo zake nao wanamkodolea macho. Kwa hiyo ameamua kufuata kitu kimoja tu, ili asimwonee mtu. Akatoa simu mfukoni, akafungua rekodi ya ng'ombe wa mama, akanionyesha jina la baba yake.

"Dada, hii si umeitengeneza wewe?" aliuliza. Hakuuliza kwa kejeli. "Ikisema ni wa baba, mimi nani wa kusema si wa baba?"

Ningemwambia nini? Kwamba geta inarudisha kilichowekwa, haijui ukweli? Kwamba ilimwuliza baba yake mbele ya majirani swali ambalo kwa adabu yake asingelijibu vinginevyo? Niliyasema yote hayo, nikayasema vibaya, kwa haraka, sauti inapanda. Akaniitikia ndiyo, dada, ndiyo, kama unavyomwitikia mgonjwa. Mama yake akamgombeza kwa lugha yao. Alimjibu mama yake kwa upole kwamba akimtoa ng'ombe huyu kwa maneno, ajiandae kuwatoa wote kwa maneno, na watoto wa marehemu wabaki na zizi tupu. Ningekuwa yeye, nisingeweka dole.

Mama ndiye aliyenishika mkono tuondoke. Alimuaga kila mtu vizuri. Pale zizini hakujifanya ananyoosha miguu. Alisimama wima, akamwangalia ng'ombe wake mbele ya watu wote, muda mrefu, na hakuna aliyemwambia twende.

Baada ya hapo ikabaki kungoja. Mama aliamini yule kijana atatafakari, kwa kuwa moyo wake si mbaya, na mimi sikumvunja moyo. Kila Jumapili akitoka kanisani alinipigia. Tukimaliza salamu alisema, hebu niangalizie. Mimi Arusha nafungua kompyuta, namsomea. Ameogeshwa joshoni. Amechanjwa. Amepimwa, yuko hai, yuko Basotu. Mama alikuwa anauliza mambo ambayo programu haina, kama amenenepa, kama bado anachechemea mguu wa nyuma kipindi cha mvua. Nikamwambia hayo hayajaandikwa. Na jina? Nikamsomea jina la marehemu. Haya, tutaangalia tena, alisema, na sauti yake haikuwa mbaya. Wakati mwingine nilimwangalizia hata siku isiyo Jumapili, peke yangu, ofisini, badala ya kufanya kazi. Nilikuwa naona kila kitu cha ng'ombe yule na sikuweza kumsogeza hatua moja.

Kitu kimoja sikukifikiria, au nilikifikiria nikakifukuza. Kabla ya seta yangu, ng'ombe wa mama alikuwa amekwama, lakini alikuwepo. Mwenyewe wa maandishi amekufa, hatoki, hauzwi. Ule mlango uliofungwa ndio uliokuwa unamlinda. Mimi nikaufungua, kwa dole la msimamizi.

Jumapili hiyo kulikuwa na baridi hata Arusha. Mama alipiga, tukasalimiana, akaniambia maharage yametoa maua, akasema hebu niangalizie. Nikafungua. Nikarudia kusoma mstari mmoja kwa kunong'ona, na yeye masikio yake bado ni mazima.

"Kuna nini?"

"Jina limebadilika, Mama."

Nilisikia kiti chake kikisogea. Alikuwa amesimama.

"Limekuwa langu?"

Kwenye kioo kulikuwa na jina la mfanyabiashara wa mnadani, mtu nisiyemjua, na chini yake dole la msimamizi, sahihi kabisa, limekaguliwa na kukubaliwa. Na chini ya hapo mstari wa machinjioni wa siku iliyofuata. Nikamwambia hapana, Mama, si lako. Nikamsomea vyote, kwa kuwa aliniuliza na sijawahi kumsomea nusu.

"Haya, mwanangu," alisema. "Usiniangalizie tena."